Kamba ya Ngamia wa Mwisho

Deir Mughalis, upande wa Beit el-Fakihi
9 Rajabu 1404

Ndugu yangu Jubrani mwana wa Salimu,

Nakusalimu kwa salamu za mtu wa kitandani, ambazo huwa ndefu kwa sababu mwenyewe hana pa kwenda. Sisi tu wazima. Mimi ni mzima kuanzia kiunoni kwenda juu, na hiyo si habari mpya. Blanketi ulilotuma limefika. Bwana we, blanketi la manyoya, Tihama hii ambako hata mijusi hugombea kivuli? Umekaa Jidda miaka kumi na saba mpaka umelisahau jua la kwenu. Shemeji yako Ghaliya amelikunja akaliweka juu ya kabati, akasema labda Kiama kitakuwa na baridi.

Sasa sikia habari yenyewe. Mwanangu Ayashi anaruka ngamia waliopangwa mstari, ubavu kwa ubavu, kama sisi zamani.

Hakufundishwa na mtu. Nilikuwa hapa mlangoni nasuka kitanda cha watu, nikaona vumbi kule nyuma ya mashamba ya mtama, nikajua. Aliyewahi kukimbia mbio zile hulijua vumbi lake. Siku ya tatu akaja mwenyewe, magoti yamechubuka, akaniambia amevuka watatu. Nikamwuliza hukanyaga tuta la kurukia kwa mguu gani. Wa kushoto, akasema. Kama mimi. Ilibidi nijifanye kamba imeniponyoka ili niiname, asiione sura yangu.

Tarehe kumi na tano ya Mfungo Mosi mtoto wa marehemu kaka yangu anaoa. Ngoma zitapigwa, watu watakuja kutoka hata Zabid, na Ayashi anataka kuvuka watano. Watano, Jubrani, uwanja ule ule wetu. Mimi nimempa idhini. Mama yake hajampa, na mimi hanisemeshi tangu Ijumaa. Chakula ananiwekea na kuondoka kama anayelisha paka wa jirani.

Kijana anazijua kanuni. Anajua kwamba kamba ya ngamia wa mwisho haishikwi na yeyote tu, hushikwa na mtu ambaye mrukaji amemchagua, na kwamba mtu huyo akiinua kilemba chake mbio hufa hapo hapo, wala hakuna mwenye ruhusa ya kuuliza kwa nini, wala aibu haimgusi aliyesimama. Nikamwuliza atamchagua nani. Akanishangaa. Nani mwingine, akasema, kama si ami Jubrani aliyekushikia wewe?

Hajawahi kukuona. Anakujua kwa viatu na kalamu ulizomtumia tangu ananyonya. Njoo, ndugu yangu. Siku ile niliyoanguka hukuwa na kosa. Ngamia aliumwa na nzi, akasogea, na nzi hukumtuma wewe. Njoo umshikie mwanangu kamba.

Wako wa tangu utoto,
Futaini


Deir Mughalis
11 Rajabu

Kwa shemeji Jubrani,

Anayeandika ni Naama, binti wa dada yangu, anayesoma shule. Anayesema ni mimi Ghaliya. Nimemwapisha asiongeze neno wala asipunguze, na asimwambie Futaini. Dereva wa lori ni yule yule anayechukua barua za Futaini. Barua hii ameificha ndani ya soksi, kwa hiyo nisamehe harufu.

Shemeji, andika umkataze Ayashi. Mimi nimesema mpaka sauti imenikauka. Ananibusu kichwa, ananiitikia ndiyo mama, ndiyo mama, na jioni namwona na vumbi lake. Futaini nikimwambia anacheka. Lakini neno lako wote wawili watalitia maanani. Wewe ndiye uliyekuwa karibu kuliko watu wote mume wangu alipoanguka. Waambie ulichokiona. Waambie mgongo ule ulilia vipi.

Kila siku namgeuza mara nne asipate vidonda. Miaka kumi na saba namgeuza. Sijachoka naye na sitaki sifa za mtu. Ila kumgeuza wa pili siwezi, shemeji. Mwili huu umekwisha.

Na kuna jambo sijamwambia mtu, liandike, Naama. Siku ile nilikuwa na mimba ya miezi saba, mimba ya huyu huyu Ayashi. Futaini alikuwa ameniahidi kwamba hataruka mpaka nijifungue. Asubuhi akaniambia ataruka. Nikamtukana, nikajifungia ndani, nikaapa sitoki. Kisha ngoma zikaanza. Miguu yangu ikanitoa yenyewe. Nikajikuta mbele ya wanawake wote, tumbo limenitangulia, na alipoanza kukimbia nikapiga kigelegele kirefu kuliko vyote nilivyopata kupiga. Moyo ulikuwa umenipanda kooni, na nilikuwa na furaha. Furaha, shemeji. Kigelegele hakijaisha, yeye yuko chini.

Kwa hiyo siulizi kwa kiburi. Nauliza kwa sababu hata mimi kilinishika: kuna nini pale juu? Ni kitambo cha kupepesa macho. Kuna nini ndani yake kinachompita mke, na mtoto tumboni, na miguu miwili? Wewe ulishika kamba, labda unajua. Nijibu bila kunidanganya.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Basi nihesabuni mimi ndiye huyo, lakini mkataze.

Ghaliya

(Naama nimeandika. Sikuongeza neno.)


Jidda
2 Shaabani

Ndugu Futaini,

Barua yako nimeisoma nikiwa mbele ya tanuri, na mikate minne ikaungua. Nimefurahi kwamba Ayashi ana afya njema.

Mdhamini wangu hatoi ruhusa mwezi wa Mfungo Mosi, maana baada ya Idi watu wa hapa hula mikate kama waliofunguliwa jela. Halafu pasi yangu ya kusafiria iko kwake. Halafu goti langu la kulia halinyooki vizuri siku hizi. Kwa sababu hizo sitaweza kuja.

Kuhusu kijana, maoni yangu ni kwamba asiruke. Dunia imebadilika, na mambo yale yalikuwa ya wakati wetu. Aje huku nimfundishe kuoka. Kama hazuiliki, basi avuke watatu tu, na atafute mtu mwingine wa kushika kamba, mwenye macho makali. Mimi macho yangu yameharibiwa na moto.

Nakutumia tende, na shuka nyepesi kwa sababu ya yale uliyosema juu ya blanketi.

Jubrani


Deir Mughalis
19 Shaabani

Jubrani,

Mdhamini, pasi, goti, macho. Mtu mwenye sababu moja ya kweli hatoi nne.

Basi acha niseme mimi. Nadhani unachukia kuniona. Nilikuwa bado nimelala hospitali ya Hudeida, hata siku ya nne haijatimia, nikaambiwa Jubrani amevuka mpaka. Hukuja kuniaga. Nikajisemea kwamba hawezi kuvumilia kumwona Futaini akiwa nusu mtu. Watu wote huniangalia miguu kwanza kisha uso, nimewazoea. Wewe tu ndiye sikukuzoea, kwa sababu hukunipa nafasi.

Kuhusu kijana, unasema azuiwe. Azuiwe vipi? Juzi nilimwuliza anasikia nini akiwa juu. Akafikiri, akang'ata jani la mrehani, kisha akasema, "Baba, nikiwa chini mimi ni watu wengi. Ni mwanao, ni mpwa wa fulani, ni yule aliyeshindwa mtihani. Nikiwa juu sina jina."

Ndivyo ilivyokuwa. Unakumbuka tumbo linavyopoa kabla ya mbio, kama umemeza maji ya mtungi? Mate yanakauka, masikio yanasikia hata mchwa. Kisha mguu wa kushoto unagonga tuta, na woga wote uliokuwa umekukaba unageuka, unakuwa wako, unakubeba. Ukitua unacheka kama mwehu. Watu wanadhani warukaji hatuogopi. Asiyeogopa angeruka ya nini? Kumbuka pilipili ya kusaga ya mama yako, Mungu amrehemu: tulikuwa tunalia machozi, pua zinachuruzika, na mkono unarudi bakulini. Asiyewashwa haongezi.

Na nikuambie la aibu. Ayashi akiruka, miguu yangu inawasha. Madaktari walisema haitasikia kitu mpaka nizikwe, lakini lile vumbi likipanda inawasha hadi vidoleni. Ghaliya anadhani nimetoa idhini kwa ajili ya sifa ya ukoo. Nimeitoa kwa ajili ya miguu yangu. Ni baba gani huyo? Sijui, lakini ndiye anayekuandikia.

Usipokuja, Ayashi atamchagua rafiki yake mmoja mwenye mdomo mpana na masikio ya pambo. Sema kweli, Jubrani. Kwa nini huji?

Futaini


Jidda
8 Ramadhani

Futaini,

Hakukuwa na nzi.

Nimeandika maneno hayo, nikaenda kukanda unga wa mikate ya futari, nimerudi na bado yapo. Basi naendelea.

Ngamia wa mwisho siku ile alikuwa Humeira, yule jike mwekundu wa mwenye harusi, kwa kuwa wa mwisho huwa wa mwenye harusi kwa heshima yake. Humeira alikuwa amezaa. Kila mtoto wa kabila letu la Zaraniki anajua kwamba jike anayenyonyesha hasimamishwi mstarini ikiwa ndama wake yuko karibu. Waliniambia ndama amepelekwa malishoni, nikaamini. Kisha wewe ukiwa umekwisha kusimama kule mwanzo wa mbio, umekaza kikoi, unapangusa nyayo, nikamsikia ndama. Alilia mara moja tu nyuma ya kibanda cha nafaka. Sikio la Humeira likageuka. Kamba ikavutika kidogo mkononi mwangu.

Kilemba kilikuwa kichwani. Nilikuwa na muda. Usiniambie sikuwa na muda, nimeupima miaka kumi na saba: ningeweza kukivua, kukipunga na kukivaa tena, na wewe hujapiga hatua.

Sikuinua. Wala sikuwa nimezubaa. Unajua mimi sikujaliwa miguu ya kuruka. Wawili tu niliwavuka, na wa pili nilimparamia kama mwizi wa tende. Tangu hapo nikawa naruka kwa miguu yako. Kila nilipokushikia kamba nawe ukaanza kukimbia, nywele zilinisimama, na nilisikia utamu ambao sijaupata kwa mwanamke wala kwa chakula. Siku ile Humeira alipogeuza sikio, utamu ukazidi. Nilijua anaweza kusogea. Nilijua wewe hujui. Nikajiambia huenda asisogee. Nikataka kuona. Nimetafuta neno lililo safi zaidi ya hilo, Futaini, na sikulipata. Nilitaka kuona.

Mama akimrusha mwanawe juu, mtoto hupiga kelele za raha kwa kuwa anajua mikono iko chini inamngoja. Mimi ndiye niliyekuwa mikono.

Ulipolala pale watu wakaniuliza, nikasema nzi. Lilitoka lenyewe. Wewe hukuniuliza. Ulinitazama kutoka chini, midomo imekuwa mieupe, ukasema pole, Jubrani, kamba imekukata kiganja. Miguu imekufa na unanipa pole mimi. Siku ya tatu nikavuka mpaka.

Sikuchukia kukuona. Niliogopa kuonwa. Viatu, kalamu, blanketi, vyote vile vilikuwa vya kunisemea, na havikusema.

Sasa mwambie Ayashi ami yake ni mtu wa namna gani, amchague mwingine. Na kama una nguvu yoyote juu yake, mzuie.

Jubrani


Deir Mughalis
27 Ramadhani

Shemeji Jubrani,

Naama anaandika.

Barua yako Futaini aliificha chini ya godoro lake. Mtu huyu na akili zake! Nani humgeuza? Nani hukung'uta godoro? Karatasi ingejificha wapi isinifikie? Tangu ilipokuja hali futari ya maana na hanitazami usoni. Nimesomewa nyuma ya zizi, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilimwambia Naama anasoma vibaya.

Siku tisa nilikuombea mabaya, mwezi mtukufu huu. Nilikuombea moto wa hilo tanuri lako. Siku ya kumi nikakumbuka kigelegele changu. Mimi sikumsikia ndama. Lakini kama ningemsikia, kwa hali niliyokuwa nayo, moyo umenipanda namna ile, ningepiga kelele asimame? Nimejiuliza, na jibu nililopata siwezi kulitamka mbele ya mtoto wa dada yangu.

Sikusamehe. Liwe wazi hilo.

Ayashi hazuiliki, hata kuta zimechoka kunisikia. Ataruka. Yule rafiki yake atakayeshika kamba badala yako, juzi alisahau kufunga mbuzi watatu, wakala ukili wa Futaini wote. Basi njoo wewe. Mtu aliyekaa na jambo hili miaka kumi na saba atakiinua kilemba hata nzi akitua. Njoo na nzi wako. Ukiona sikio limetikisika, inua. Ukiona kivuli, inua. Nataka mikono iliyokwisha kuungua.

Sitatoka kutazama. Nitakaa ndani nimeziba masikio. Na lile swali langu hukulijibu, usidhani nimesahau.

Ghaliya


Deir Mughalis
28 Ramadhani

Ndugu yangu,

Barua yako nimeificha, Ghaliya hajui kitu. Afadhali hivyo kwa sasa.

Sikuchelewa kujibu kwa hasira. Nimechelewa kwa aibu. Wewe ulificha ukakimbia; mimi nimeficha na kulala juu yake.

Nilimsikia ndama.

Kibanda cha nafaka kilikuwa upande wangu. Nadhani nilimsikia kabla yako. Nikamtazama Humeira, nikaliona sikio. Kisha nikakutazama wewe. Unajua nilimwomba Mungu nini? Sikumwomba ngamia atulie. Nilimwomba wewe usiinue kilemba. Woga siku ile ulikuwa umekolea kuliko siku zote, na nilijua ukiinua utapoa na sitaupata tena namna ile. Nikaanza kukimbia kabla ya ngoma kunipa ishara. Kwa hiyo muda wako umeupima vibaya. Mimi ndiye niliyeukata.

Uliposema nzi, nikamshukuru huyo nzi. Ghaliya alikuwa na mimba, nilikuwa nimemwahidi, na nzi alinifaa kuliko kweli. Uliposafiri nilijua kwa nini umesafiri. Yale niliyokuandikia Shaabani, kwamba unachukia kuniona, niliyaandika ili wewe utangulie kusema. Miaka yote hii ningekurudisha kwa mstari mmoja wa wino. Sikuuandika, maana ungekuja, na ukija tungesema, na tukisema Ghaliya angejua kwamba miguu hii sikunyang'anywa. Niliitoa mwenyewe, nikijua, yeye akiwa na mwanangu tumboni. Nikakuacha wewe uoke mikate ya watu na dhambi zangu.

Mficha uchi hazai. Nitamwambia, lakini si kabla ya harusi. Nikizembea, nisukume. Wewe njoo tu.

Futaini


Jidda
24 Mfungo Mosi

Shemeji Ghaliya, (Naama, soma polepole)

Nimefika jana. Niliondoka kwenu bila kukujibu kwa sababu nyumba ilijaa wageni, na kwa sababu nilikuwa mwoga. Uliniwekea samaki na pilipili bila kunitazama. Nilivimaliza vyote.

Hukutoka kuona, kwa hiyo acha nikuambie ilivyokuwa, ingawa wengine wamekwisha kukuambia.

Mbio za kwanza nikainua kilemba, kwa sababu mbuzi alikohoa. Watu wakacheka. Mbio za pili nikainua tena, na hata leo sikumbuki kwa nini. Mtu mmoja akasema huyu ametoka Jidda kuja kupunga nzi. Futaini, waliyekuwa wamembeba na kitanda chake hadi ukingoni mwa uwanja, alicheka pamoja nao, kisha akaacha ghafla akajifunika uso na shuka. Ayashi akaja kwangu taratibu. Anakanyaga kama baba yake, kisigino kwanza. Akanishika mkono wenye kamba.

"Ami," akasema, "ukiinua mara ya tatu nitasimama, na sitakuwa na neno. Ila mara hii sikiliza kwanza."

Nikasikiliza. Kumbe mara mbili zile sikuwa nikisikiliza, nilikuwa naogopa tu. Nikasikia ngamia wakitafuna. Nikasikia ngoma, na pumzi zangu. Ndama hakuwepo, mimi mwenyewe nilikuwa nimezunguka vibanda vyote asubuhi, na cha nafaka mara tatu. Kamba ililegea mkononi. Muda nilikuwa nao, na mara hii niliutumia wote. Sikuinua.

Akapita juu yangu. Kivuli chake kikanigusa uso, kisha akatua salama ng'ambo ya wote watano.

Swali lako jibu lake nililipata hapo. Pale juu hakuna kitu kinachompita mke na mtoto. Hakipimwi nao kabisa, kwa sababu wakati ule mtu hana mke wala mtoto wala jina. Hiyo ndiyo raha yake na ndiyo dhambi yake. Mwili unaambiwa kwamba leo unakufa, kisha unajikuta upo. Unataka kuambiwa tena. Sina zaidi ya hilo, na najua halitoshi kwa mtu aliyemgeuza mumewe miaka kumi na saba.

Na utamu ule ulinijia pale pale, Ghaliya. Nywele zilinisimama kana kwamba haukuondoka hata siku moja. Nilidhani miaka hii na tanuri lile vimeuua. Nikalia mbele ya watu, wakadhani ni furaha. Ilikuwa furaha, na hilo ndilo linalonitia aibu kuliko yote niliyokwisha kuyaungama.

Msamaha uliosema hunipi, sikuombi. Lakini Futaini ana neno lake. Mwulize alisikia nini kule mwanzo wa mbio, siku ile. Mngoje amalize, halafu ufanye utakavyo na yeye na godoro lake. Aliniomba nimsukume, nami ndio namsukuma. Nilidhani mzigo ukipata watu wawili hupungua. Huu haukupungua, sasa kila mtu anao wake.

Jambo la mwisho, na nalisema kwa sababu nimeapa sikufichi tena kitu. Ayashi alinisindikiza mpaka kwenye lori. Alisema mwakani kuna harusi nyingine, anataka kuvuka sita, na kamba ya mwisho ni yangu. Nikamwambia hapana. Nilimwambia mara mbili, kwa ukali, nikapanda, nikafunga mlango. Lori lilipoanza kuondoka nikateremsha kioo, nikamwuliza ni mwezi gani.

Shemeji yako,
Jubrani